Imeshika Lakini Haifunguki: Historia ya Hitilafu za Wi-Fi

Tarehe 7 Juni 2010, katika ukumbi wa Moscone jijini San Francisco, Steve Jobs alikwama jukwaani. Alikuwa akiitambulisha simu mpya ya Apple mbele ya maelfu ya watu, na ukurasa wa gazeti la New York Times aliotaka kuwaonyesha ukakataa kufunguka. Akajaribu tena, ukakataa tena. Ikabidi auache, aendelee na mengine huku mafundi wake wakihangaika nyuma ya jukwaa. Baadaye alirudi na jibu: ndani ya ukumbi ule mlikuwa na vituo 570 vya Wi-Fi, vingi vikiwa vya wageni wenyewe. Akawaachia uamuzi. Wazime vituo vyao na kuweka laptopu sakafuni, la sivyo maonyesho hayaendelei.

Simu ile haikuwa na kasoro. Mtoa huduma hakuwa amekata intaneti, na hakuna aliyekosea nywila. Kilichojaa ni hewa yenyewe, na katika hewa ya Wi-Fi hakuna askari wa kuongoza foleni. Hapo ndipo penye kiini cha karibu kila usumbufu wa mtandao usiotumia waya. Wi-Fi ilipewa masafa ambayo hayakuwa na mwenyewe, ikapewa bure, kwa sharti kwamba atakayesumbuliwa avumilie. Kazi ambayo kwenye redio na televisheni hufanywa na mamlaka za mawasiliano ikaangukia mikononi mwa watumiaji na mafundi wao. Hatua anazozifuata fundi anapoletewa laptopu yenye mtandao wa kukatikakatika hazikutungwa siku moja. Kila moja ilizaliwa na tatizo la mwaka fulani, mahali fulani.

Visiwani Hawaii

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta yake kubwa kisiwani Oahu, na matawi yaliyotawanyika katika visiwa vingine. Laini za simu za wakati huo zilikuwa ghali na hazikutegemeka. Profesa Norman Abramson na wenzake, akiwemo Franklin Kuo, wakaamua kuachana na waya na kutumia redio. Mwezi Juni 1971 mtandao wao, ALOHAnet, ukaanza kazi.

Walikutana mara moja na tatizo ambalo Wi-Fi imelirithi: vituo ni vingi na masafa ni mamoja. Vituo viwili vikituma kwa wakati mmoja, mawimbi yanagongana na ujumbe wa vyote viwili unaharibika. Njia iliyozoeleka ilikuwa kumgawia kila mtumiaji masafa yake au zamu yake. Abramson hakuifuata. Kwake, kila kituo kilituma mara tu kilipokuwa na la kutuma, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kompyuta kuu ilipopokea ujumbe mzima, ilirudisha jibu kwamba imepata. Jibu lisipofika, kituo kilingoja kwa muda wa kubahatisha, kisha kikatuma upya. Ufundi wote ulikuwa katika kubahatisha huko, kwa sababu vituo viwili vilivyogongana vikingoja muda uleule vitagongana tena, na tena.

Hesabu zake zilionyesha pia gharama ya uhuru huo. Mfumo wa namna hiyo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, hauwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wa masafa. Kinachobaki hupotea katika migongano na katika ukimya. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, aliichukua kazi ya Abramson na kuiongezea kanuni: sikiliza kwanza, ukisikia mwingine anatuma, ngoja. Hiyo ikawa Ethernet ya waya. Wi-Fi ilipokuja iliyabeba yote mawili. Husikiliza, hungoja muda wa kubahatisha, hutuma, husubiri jibu, na jibu lisipokuja hurudia.

Kwa mtumiaji, historia hiyo inaonekana pale alama ya Wi-Fi inapokuwa imejaa mistari yote na video bado inazunguka tu. Mistari ile hupima nguvu ya mawimbi ya ruta yanayofika kwenye laptopu. Haisemi lolote kuhusu foleni. Katika hosteli ya wanafunzi saa mbili usiku, laptopu inaweza kuisikia ruta vizuri kabisa na bado ikatumia muda mwingi kungoja zamu yake kuliko kutuma.

Kusikiliza nako kuna mipaka. Mwaka 1975 Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza hali ambayo mafundi hukutana nayo kila siku. Ruta iko sebuleni, laptopu moja iko chumba cha upande wa kushoto, nyingine chumba cha upande wa kulia. Kila moja inaisikia ruta, lakini kuta zinazizuia zisisikiane zenyewe. Kila moja husikiliza, huona kimya, hutuma, na ujumbe wao hugongana pale sebuleni. Ndiyo maana mtandao unaweza kuwa mwepesi mtu akiwa peke yake, ukazorota mara tu mwenzake wa chumba cha pili anapofungua yake, ingawa wote wawili wanaona mistari imejaa.

Masafa ya oveni

Swali moja la fundi mzoefu huwashangaza wengi: kuna oveni ya maikrowevu karibu? Sababu ya swali hilo inarudi nyuma hadi Vita vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Raytheon ya Marekani ilitengeneza kwa wingi magnetroni, mirija inayotoa mawimbi ya rada. Mmoja wa wahandisi wake, Percy Spencer, aliona kwamba mawimbi hayo hupasha chakula moto, na mwaka 1945 akaomba hataza ya kupikia kwa njia hiyo. Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Atlantic City ulitenga masafa kadhaa kwa mashine za viwandani, za kisayansi na za hospitali, yakiwemo yanayozunguka megahezi 2,450. Mashine hizo hazikuwa na haja ya kuwasiliana, zilihitaji tu mahali pa kuvujisha nishati yao bila kuwaudhi wengine. Atakayetaka kuwasiliana humo alitakiwa kukubaliana na kelele.

Kwa miaka mingi watu wa mawasiliano waliyaona masafa hayo kuwa jalala. Michael Marcus, mhandisi katika Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, aliyaona tofauti. Kwa miaka kadhaa alisukuma pendekezo kwamba yaruhusiwe kutumiwa na yeyote, bila leseni, mradi atumie nguvu ndogo na atawanye mawimbi yake kwa mbinu zilizokuwa zikitumiwa na majeshi. Baadhi ya watengenezaji wa redio walipinga. Tarehe 9 Mei 1985 tume hiyo ikakubali, ikayafungua masafa matatu, yakiwemo yale ya gigahezi 2.4. Masharti yalikuwa mawili: usimsumbue mwenye leseni, na ukisumbuliwa vumilia. Wi-Fi yote imejengwa juu ya masharti hayo mawili.

Jinsi oveni inavyoweza kuwasumbua hata wataalamu ilionekana nchini Australia, kwenye darubini ya redio ya Parkes. Wanasayansi walikuwa wamekuta katika kumbukumbu zake, kuanzia mwaka 1998, mapigo mafupi ya ajabu. Yalifanana kwa kiasi na mapigo halisi kutoka mbali sana angani, ila yalionekana kutoka pande zote kwa mpigo, dalili kwamba chanzo chake kilikuwa hapahapa duniani. Kwa miaka chanzo hakikujulikana. Mwishoni mwa 2014 kituo kikafunga kifaa cha kufuatilia kelele za redio za karibu, na Januari 2015 mapigo matatu yakanaswa. Kila moja lilikuja pamoja na kelele za gigahezi 2.4.

Watafiti, wakiongozwa na Emily Petroff, wakaanza kuzijaribu oveni za kituoni. Wakaweka kikombe cha maji, wakawasha, wakaacha muda uishe wenyewe. Hawakuambulia kitu. Wakawasha tena, na safari hii wakafungua mlango kabla muda haujaisha. Pigo likatokea. Magnetroni ilikuwa ikitoa mlipuko mfupi wa mawimbi katika sekunde ile ya kuzimika, na mlango uliofunguliwa na mtu mwenye haraka ukayaachia yatoke. Pigo lilionekana tu pale darubini ilipokuwa imeelekea upande unaofaa.

Fundi wa Wi-Fi anaijua hitilafu ya aina hii kwa uchungu. Ipo, lakini hutokea kwa mfuatano mmoja tu wa matukio, na kila anapokuja kuitazama haipo. Dawa yake ndiyo ileile ya Parkes: kuandika saa na dakika ya kila kukatika, kisha kutafuta ni kitu gani kingine hutokea saa hiyohiyo.

Kutoka kaunta za maduka hadi mapajani

Waliokuwa wa kwanza kuyatumia masafa hayo kibiashara kwa kompyuta hawakuwa wakifikiria laptopu. Kampuni ya NCR iliuza mashine za kulipia madukani, na kila duka lilipobadilisha mpangilio wa kaunta zake, nyaya zote zilipaswa kung'olewa na kupitishwa upya. Wahandisi wake nchini Uholanzi wakatengeneza WaveLAN, kadi iliyoiunganisha mashine kwa redio. Walijua pia kwamba maduka hayatanunua teknolojia ya kampuni moja, hivyo mwaka 1990 kamati ya viwango iliyopewa namba 802.11 ikaanza kazi chini ya taasisi ya wahandisi ya IEEE. Mwenyekiti wake alikuwa Vic Hayes wa NCR, mzaliwa wa Surabaya, Indonesia, aliyekikalia kiti hicho kwa miaka 10.

Kamati iligawanyika. Wengine walitaka mawimbi yarukeruke kutoka masafa hadi masafa, wengine walitaka yatandazwe juu ya masafa mapana kwa wakati mmoja. Kiwango kilipopitishwa mwaka 1997, kwa kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde, kilizikubali njia zote mbili na ya tatu ya mwanga wa infraredi. Mnunuzi angeweza kununua kadi mbili, zote zikiwa zimefuata kiwango kilekile, na zisielewane kabisa. Mwaka 1999 kampuni kadhaa zikaunda muungano wa kupima vifaa vya kila mtengenezaji kabla havijaingia sokoni, vikiwekwa pamoja na vya washindani wao. Muungano huo ndio ulionunua jina la Wi-Fi kutoka kampuni ya kubuni majina ya Interbrand. Upimaji wake ulihamisha sehemu kubwa ya utafutaji hitilafu kutoka nyumbani kwa mteja hadi maabara.

Mwaka huohuo, tarehe 21 Julai, Apple ilizindua iBook jijini New York. Jobs aliinyanyua laptopu ikiwa imefungua ukurasa wa intaneti, akaipitisha ndani ya pete kubwa ya kuchezea ili kila mtu aone hakuna waya. Kadi yake iliuzwa dola 99, na kituo chake cha Wi-Fi dola 299. Machi 2003 Intel ikaleta Centrino, kifurushi cha vipuri vya laptopu chenye redio ya Wi-Fi ndani yake, na ikakinadi duniani kote. Kuanzia hapo redio ilihama kutoka kadi ya kuchomeka hadi tumboni mwa mashine.

Uhamisho huo ulileta hitilafu zake. Kadi ya kuchomeka ilionekana ikiwepo au isipokuwepo, lakini redio ya ndani haionekani. Watengenezaji wakaweka swichi ndogo ubavuni mwa laptopu, au kitufe cha kubonyezwa pamoja na Fn, ili abiria wa ndege aizime. Swichi hiyo ikiguswa kwa bahati mbaya wakati laptopu inatolewa begini, mtandao wote ulitoweka. Nyuma ya swichi ipo draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuiamuru redio, na mfumo endeshi ukisasishwa bila draiva kusasishwa nayo, redio nzima hubaki kama haipo. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya fundi makini ni ndogo hivyo: kuhakikisha redio imewashwa, na kompyuta inaitambua.

Mwangwi

Kasi ya mwanzo ilizuiwa na jambo jingine. Mawimbi ya redio ndani ya nyumba hugonga kuta, madirisha, makabati ya chuma na miili ya watu, hivyo ujumbe mmoja hufika mara nyingi kwa kuchelewana kidogo, kama sauti ya mtu anayeongea haraka ndani ya ukumbi mtupu. Akiongea polepole anaeleweka. Akiharakisha, neno jipya linafunikwa na mwangwi wa lililotangulia.

Jawabu mojawapo muhimu lilitoka tena Australia, katika shirika la utafiti la CSIRO, lilelile linaloendesha darubini ya Parkes. John O'Sullivan alikuwa mtaalamu wa redio za anga. Katika miaka ya 1970, akiwa Uholanzi, alishiriki kutafuta mawimbi ya redio kutoka kwa mashimo meusi madogo yanayolipuka, milipuko ambayo Stephen Hawking alikuwa ameitabiri. Hawakuyapata, lakini kazi hiyo ilimzoesha hesabu za kunyoosha mawimbi yaliyopotoshwa njiani. Miaka ya 1990, yeye na wenzake wanne wa CSIRO walizitumia hesabu za jamii hiyo kwenye mwangwi wa ndani ya nyumba. Badala ya kutuma mkondo mmoja wa haraka, waligawa ujumbe katika mikondo mingi ya polepole inayokwenda sambamba. Hataza yao ya Marekani ilitolewa Januari 1996. Kampuni kubwa za kompyuta zilipinga kuilipia, kesi zikafunguliwa, na hadi mwaka 2012 CSIRO ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 400 za Australia.

Kiwango cha 802.11a cha mwaka 1999 kilitumia mikondo 52, kikafikia megabiti 54 kwa sekunde, na mwaka 2003 mbinu hiyo ikaletwa katika masafa ya gigahezi 2.4. Mwangwi haukwisha. Ulidhibitiwa tu, na ndiyo sababu kuisogeza laptopu sentimita chache juu ya meza, au kuihamisha ruta kutoka nyuma ya jokofu hadi juu ya rafu, kunaweza kuleta tofauti kubwa. Katika gigahezi 2.4 wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 hivi. Mahali ambapo mawimbi mawili yanafutana na mahali yanapoongezeana huweza kutenganishwa na upana wa kiganja.

Chaneli za majirani

Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika chaneli zilizoachana kwa megahezi 5, lakini mawimbi ya ruta moja hutanda karibu megahezi 20. Kwa hiyo chaneli jirani zinaingiliana, na zinazoweza kukaa pamoja bila kugusana ni tatu tu, kwa kawaida ya 1, ya 6 na ya 11. Mtu anayekimbilia chaneli ya 3 akidhani ameikwepa ruta ya jirani iliyo kwenye ya 1 huweza kuharibu zaidi. Wakiwa wote kwenye ya 1, ruta zao zinasikilizana na kupeana nafasi. Akiwa kwenye ya 3, kila mmoja kwa mwenzake ni kelele.

Mipaka ya nchi nayo imeacha alama. Marekani hutumia chaneli 11, nchi nyingi za Ulaya 13, na Japani iliruhusu ya 14 kwa vifaa vya kiwango cha zamani. Laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ikifikishwa mahali ambapo ruta imechagua chaneli ya 13, inaweza isiuone mtandao huo hata kidogo, wakati simu zote za nyumbani zinauona. Anayeijua historia hii hupeleka ruta kwenye chaneli ya 11, na tatizo linaisha bila kugusa laptopu.

Na nywila? Ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi, uitwao WEP, ulivunjwa hadharani mwaka 2001, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walipochapisha udhaifu wa namna ulivyotumia funguo zake. WPA ikaja 2003, WPA2 mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018. Kila hatua iliwaacha nyuma wale wenye vifaa vya zamani. Laptopu ya mwaka 2002 inaweza kupewa nywila sahihi herufi kwa herufi na bado ikakataliwa, kwa kuwa haijui lugha ya ulinzi inayozungumzwa na ruta mpya.

Nani anajibu?

Laptopu ikishashika Wi-Fi, safari bado. Inahitaji anwani. Zamani anwani ziliandikwa kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, na mbili zikipewa namba moja zote zilitaabika. Mwaka 1993 Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania, aliandika kanuni ya DHCP, ambayo kwayo ruta huikodishia laptopu anwani kwa muda maalumu. Laptopu ikiomba na isijibiwe, hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Kwa fundi, namba hizo tatu za mwanzo na tatu za pili zinamaliza mjadala: redio inafanya kazi, lakini hakuna aliyeipa laptopu anwani. Kuizima ruta na kuiwasha tena mara nyingi hufaa hapa, kwa sababu inaanza kugawa anwani upya na, ikiwa imeachiwa ijichagulie, hutafuta pia chaneli upya.

Baada ya anwani huja chombo kinachopendwa kuliko vyote. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyekuwa maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, alikutana na mtandao unaosuasua. Akaandika kwa haraka programu ndogo inayopeleka ujumbe kwa kompyuta nyingine, kungoja urudi, na kupima muda uliopita, akiiga namna nyambizi zinavyopima umbali kwa sauti. Akaiita ping. Hadi anaimaliza, mwenzake alikuwa ameshaipata hitilafu ile na kuirekebisha. Ping ikabaki, na leo ipo katika karibu kila kompyuta. Muuss alifariki katika ajali ya gari mwaka 2000.

Alipenda kusimulia kisa cha msimamizi mmoja wa mtandao aliyesumbuliwa na waya uliokuwa ukigusa na kuachia. Msimamizi huyo aliiunganisha ping na programu ya kutamka maneno, akaielekeza kwenye spika za redio ya ofisini, akapandisha sauti hadi mwisho. Kompyuta ikawa inapiga kelele kila sekunde ambayo jibu lilirudi. Akazunguka jengo zima akitikisa kiunganishi kimoja baada ya kingine, hadi sauti ilipokatika. Akawa amekipata.

Fundi hutumia ping kwa mpangilio, kutoka karibu kwenda mbali. Huanza na ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Ikijibu, Wi-Fi ni nzima. Kisha hujaribu anwani ya mbali, kama 8.8.8.8 ya Google. Nayo ikijibu, huandika jina la tovuti badala ya namba. Jina likikataa ilhali namba zinajibu, tatizo liko kwenye DNS, mfumo wa kubadili majina kuwa namba uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Windows yenyewe imekuwa ikifanya jaribio la aina hii tangu toleo la Vista: hujaribu kufungua faili dogo kwenye seva ya Microsoft, na maneno iliyoyatarajia yasiporudi, huonya kwamba Wi-Fi ipo, intaneti haipo.

Onyo hilo lilikuwa la kweli kabisa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala tarehe 12 Mei 2024. Laptopu zilishika Wi-Fi, ruta zilijibu, kurasa hazikufunguka au zilifunguka kwa shida. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimepata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Februari 2012 nanga ya meli ilikuwa imekata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Kabla ya SEACOM kufika pwani hii Julai 2009, kanda ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kwa mawimbi hayo peke yake kulikula karibu nusu sekunde, na hakuna fundi, hata awe hodari vipi, aliyeweza kuupunguza muda huo kwa kubadili chaneli ya ruta.

Masafa yenye wenyewe

Msongamano wa gigahezi 2.4 uliwasukuma watengenezaji kwenda juu, kwenye gigahezi 5. Huko walikuta rada za hali ya hewa na za kijeshi. Mkutano wa kimataifa wa redio wa mwaka 2003 mjini Geneva ulikubali wakae pamoja kwa sharti: ruta ikisikia rada, iihame chaneli hiyo mara moja, na kabla ya kuanza kuitumia chaneli ya aina hiyo isikilize kwanza kwa sekunde 60. Nyumba zilizo karibu na uwanja wa ndege huliona sharti hilo kwa macho. Laptopu zote hukatika kwa pamoja, kisha mtandao hurudi wenyewe. Kuichagulia ruta chaneli ya 36 hadi 48, ambazo hazibanwi na sharti la rada, huondoa kero hiyo.

Aprili 2020 FCC ilifungua masafa mengine, megahezi 1,200 kuanzia 5,925 hadi 7,125, na mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukafungua chini ya nusu yake. Masafa haya yana wenyewe, zikiwemo njia za redio zinazounganisha minara. Ruta ya Marekani inayotaka kutumia humo nguvu kubwa, ndani au nje ya nyumba, lazima kwanza itaje mahali ilipo kwa mfumo wa kompyuta wenye orodha ya njia hizo, na kuambiwa ni chaneli gani inaruhusiwa. Februari 2024 tume hiyo iliidhinisha mifumo saba ya kutoa majibu hayo. Kinyume na uhuru wa 1985, baadhi ya ruta za Wi-Fi sasa zinaomba ruhusa kabla ya kutuma.

Mafundi tayari wamepata maswali mapya ya kuuliza. Laptopu yenye redio ya gigahezi 6 haitayaona masafa hayo ikiwa bado inatumia Windows 10, hata kama kila kipuri chake ni kizima. Na ikitoka nchi moja kwenda nyingine, chaneli zilizokuwepo jana zinaweza zisiwepo leo. Kwa hiyo kabla ya kuifungua laptopu na kugusa kadi yake, mafundi wanaanza kuuliza mashine ilinunuliwa wapi, inatumia mfumo gani, na sheria za masafa za nchi ilipo sasa zinasemaje.